Progresivu moja au miwani mbili tofauti? Mwalimu, umri 52, ADD +2.00

Mwalimu_wa_Zamu

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za saa hizi. Naomba ushauri kwa wanaozijua lenzi kwa undani.

Cheti cha miwani kinasomeka hivi:

Kulia −1.25
Kushoto −1.50
ADD +2.00 (nguvu ya ziada ya kusomea)
PD 62 (milimita kati ya mboni na mboni)

Umri ni miaka 52. Kisukari sina, na presha ya macho imepimwa iko sawa. Kazi ni kufundisha sekondari. Kuna ubao, kuna darasa refu lenye madawati hadi nyuma kabisa, maandalio ya somo yapo mezani nayasoma nikiwa nimesimama. Jioni ni kusahihisha madaftari saa mbili au tatu mfululizo, na laptopu ya inchi 14 kwa ajili ya mitihani na matokeo. Kazini naenda kwa bodaboda na daladala. Gari naendesha wikiendi, mara nyingine usiku.

Duka moja wamesema nichukue progresivu (lenzi moja ya kuona mbali hadi karibu), nisahau habari ya kubadilisha miwani. Duka jingine wamesema progresivu itaniumiza kichwa, nichukue miwani mbili, ya mbali na ya kusomea. Bei ya progresivu ni kama mara tatu ya hizo mbili kwa pamoja, kwa hiyo nikikosea itauma. Wanaojua, nichague kwa vigezo gani?

---

Rula_ya_Mboni

Marahaba mwalimu. Bei iweke pembeni kwanza, chukua rula. Duka zote mbili zimekupa jibu kabla ya kuuliza vitu unavyovitazama viko sentimita ngapi kutoka kwenye macho yako, na swali hilo ndilo linaloamua.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Dayopta ni moja gawanya kwa umbali wa mita. Kitabu kilicho sentimita 40 kinadai dayopta 2.50. Kwa umri wako tuchukulie jicho limebakiwa na dayopta 1 ya kujikaza kuona karibu, na kwa kazi ya muda mrefu linatumia nusu yake tu bila kuchoka. 2.50 ukitoa 0.50 unabaki na 2.00. Ndiyo hiyo ADD iliyoandikwa kwenye cheti chako.

Sasa tazama miwani mbili zinakupa nini.

Miwani ya mbali (−1.25 na −1.50) inaona kuanzia upeo wa macho hadi mita 2 kwa raha. Ukijikaza inafika mita 1, basi. Miwani ya kusomea (ukijumlisha ADD inakuwa +0.75 kulia na +0.50 kushoto) inaona kuanzia sentimita 33 hadi 50. Zaidi ya 50 ni ukungu, na hata ukijikaza haisaidii, kwa sababu kujikaza kunavuta fokasi karibu, hakuisogezi mbali.

Kwa hiyo kati ya sentimita 50 na mita 1 hakuna miwani inayokuhudumia. Hesabu nani anaishi kwenye pengo hilo: laptopu (60 hadi 65), maandalio mezani ukiwa umesimama (65 hadi 75), daftari la mwanafunzi ukiinama kwenye dawati lake (50 hadi 60), dashibodi ya gari (70 hadi 80). Ubao wenyewe unapouandika uko sentimita 55 hivi, lakini herufi za chaki ni kubwa, ukungu kidogo hauzuii mtu kuandika.

Kwa karani wa benki aliyekaa na karatasi moja siku nzima, pengo hilo halina maana na miwani mbili zinamtosha. Kwa mwalimu, nusu ya kazi imo humo.

Ila wewe una bahati moja ambayo sijui kama kuna duka limekuambia. Wewe huoni mbali, kwa hiyo macho matupu yana fokasi yake ya asili: jicho la kulia linaishia sentimita 80, la kushoto 67. Ukitumia ile nusu ya kujikaza unafika 57 kulia na 50 kushoto. Laptopu yako iko katikati hapo hapo. Vua miwani, weka skrini sentimita 60, fanya kazi. Haikugharimu hata senti. Ukipatwa na uchovu sogeza skrini hadi 65.

Darasani huwezi kufanya hivyo, kwa sababu ukivua miwani dawati la nyuma linapotea. Na kusahihisha madaftari kwa macho matupu kwa sentimita 40 haiwezekani, jicho la kulia lingedaiwa 1.25 na halina.

Kwa hiyo mgawanyo wangu ni huu: progresivu kwa darasani na mizunguko, miwani ya nguvu moja (+0.75 / +0.50) ikae nyumbani kwenye meza ya kusahihishia, macho matupu kwa laptopu. Hiyo ya kusahihishia ni lenzi rahisi kuliko zote dukani, usiiache eti kwa kuwa progresivu nayo inasoma. Inasoma, ndiyo, lakini saa tatu za madaftari ni kitu kingine. Mwingine atakueleza kwa nini.

---

KaungeLenzi

Nitaeleza mimi hilo la mwisho, maana ndilo linalowafanya watu warudishe progresivu dukani na kusema "ni mbovu".

Lenzi ya progresivu ina nguvu ya mbali juu, ya karibu chini, na katikati kuna ukanda ambamo nguvu inapanda polepole. Pembeni mwa ukanda huo lazima kuwe na upotoshaji (astigmatizimu isiyotakiwa). Si uzembe wa kiwanda. Ni kanuni ya hisabati ya nyuso, iliyoelezwa na Minkwitz mwaka 1963: kwa kila milimita unayotoka pembeni, upotoshaji unakua mara mbili ya kasi ambayo nguvu inapanda kwenda chini.

Weka namba zako. ADD 2.00 ikipandishwa ndani ya ukanda wa milimita 14 ni dayopta 0.14 kwa milimita. Pembeni upotoshaji unakua 0.29 kwa milimita. Ukitoka milimita 3.5 kushoto au kulia umefika dayopta 1, na hapo maandishi yameshaharibika. Ukanda wako safi una upana wa milimita 7 hivi. Ukiutazama kwenye skrini iliyo sentimita 65, hizo milimita 7 zinafunika kama sentimita 17. Skrini ya inchi 14 ina upana wa sentimita 31. Umeona sasa kwa nini mtu anakaa kazini anageuza shingo kama feni.

Ukichagua fremu fupi ya mtindo, inabidi upewe ukanda mfupi wa milimita 10, na upana unashuka hadi milimita 5. Mwenye ADD +1.00 kwenye ukanda wa 14 anapata milimita 14. Ndiyo maana anayeanza progresivu na miaka 43 haoni shida, na anayeanza na 52 anaona bahari inayumba. Hata kama ni lenzi ile ile, duka lile lile.

Hesabu hizi ni makadirio tu, miundo inatofautiana. Ile inayochongwa kwa kompyuta upande wa ndani wa lenzi inasukuma upotoshaji mahali ambapo huutumii sana, na kwa kuwa iko karibu na jicho unaona eneo pana kidogo. Lakini hakuna inayoifuta kanuni. Anayekuambia "hii haina ukungu pembeni" anauza maneno.

Naunga mkono miwani ya pili ya kusahihishia. Lenzi ya nguvu moja ni safi kutoka ukingo hadi ukingo, kichwa kinatulia na macho ndiyo yanayotembea.

---

Baifoko_Bado_Ipo

Nashangaa hakuna aliyeitaja baifoko, lenzi ya mbali yenye kidirisha cha kusomea chini. Au kwa kuwa ina mstari na watu wanaona ni ya babu?

D28, ile yenye kidirisha cha upana wa milimita 28, inapatikana kila mahali na bei yake ni sehemu ndogo tu ya progresivu. Juu hakuna upotoshaji hata chembe. Ndani ya kidirisha pia hakuna. Kuzoea ni siku chache.

Najua mtasema baifoko nayo ina lile pengo. Kwa ADD +2.00 ni kweli kabisa. Lakini nani amesema kidirisha cha darasani lazima kiwe +2.00? Mwombe mtaalamu akuandikie baifoko ya darasani yenye ADD +1.50. Kidirisha kitaona kuanzia sentimita 67 hadi 50 kwa raha, na ukijikaza 40. Hapo umefunika maandalio mezani ukiinama kidogo, umefunika daftari kwenye dawati la mwanafunzi, na daftari la mahudhurio. Kusahihisha kwa muda mrefu tayari mmempa miwani nyingine. Juu anaona hadi dawati la mwisho bila kugeuza kichwa.

Mstari wa kidirisha ukae usawa wa ukingo wa kope la chini. Ukipandishwa zaidi ya hapo utaukuta kila unapotembea. Kuna kurukaruka kwa picha jicho linapovuka mstari, kwa kidirisha cha +1.50 ni kidogo, ubongo unakubali.

---

Rula_ya_Mboni

@Baifoko_Bado_Ipo umepiga penyewe. Kwa ADD +1.50 siwezi kubishana nawe, isipokuwa kwenye dashibodi ya gari na uso wa mtu aliye mita 1 mbele yako, ambavyo baifoko haivigusi vizuri na progresivu inavigusa. Na macho matupu hayasaidii ukiwa barabarani.

Kama bajeti ya mwalimu inabana, ningemwambia: baifoko ya +1.50 pamoja na miwani ya kusahihishia. Zote mbili pamoja bado ziko chini ya progresivu moja. Kama bajeti ipo na anataka mserereko bila mstari, progresivu pamoja na miwani ya kusahihishia. Ile ya "mbali na kusomea tu" waliyomwambia duka la pili ndiyo ninayoiweka mwisho kwa kazi yake.

---

Mwalimu_wa_Zamu

Asanteni sana wakuu, nimepima kwa rula na namba zenu ziko sahihi: maandalio 70, dawati 55, laptopu 62. Kwa bajeti naelekea progresivu na ya kusahihishia.

Mawili yamebaki. Moja, nikiagiza progresivu nihakikishe nini ili isiwe pesa ya kutupa? Pili, kuna zile miwani za kusomea za tayari, +2.00, zinauzwa mtaani na kwenye maduka ya dawa. ADD yangu ni +2.00. Siwezi kuchukua hiyo kwa madaftari?

---

KaungeLenzi

La pili ni fupi. Usichukue. ADD ni nyongeza juu ya namba yako ya mbali, haisimami peke yake. Ukivaa +2.00 kwenye macho matupu, jicho lako la kulia lenye −1.25 linakuwa na jumla ya dayopta 3.25, na fokasi yake inaishia sentimita 31. La kushoto linaishia 29. Utasahihisha madaftari ukiwa umeyabusu. Unachohitaji ni +0.75 / +0.50, na za tayari aghalabu zinaanzia +1.00, tena macho yote sawa. Chonga lenzi zako. Kwa za kusomea PD iwe 58, kwa sababu macho yanakaribiana yakitazama sentimita 40.

---

Fundi_Makali_ya_Lenzi

Hilo la kwanza niachieni, maana mimi ndiye ninayezikata na kuziingiza kwenye fremu.

Cheti chako kina PD 62 tu. Kwa lenzi za nguvu moja inatosha. Mtu akikosea milimita 2 kwenye +0.75, mwanga unapinda kidogo sana, hutajua. Kwenye progresivu ukanda safi ni milimita 7, kwa hiyo milimita 2 za makosa zimeshakula zaidi ya robo. Progresivu inataka PD ya kila jicho peke yake kutoka katikati ya pua, kwa mfano 31.5 na 30.5, kwani pua chache sana ziko katikati kamili. Duka likikuandikia oda ya progresivu kwa "62" na kugawanya kwa mbili, simama hapo hapo.

Cha pili ni kimo cha mboni, yaani milimita kutoka ukingo wa chini wa lenzi hadi katikati ya mboni. Hiki hakipimwi bila fremu. Utaratibu wenyewe:

Fremu unayoinunua wewe, si nyingine inayofanana nayo, inyooshwe kwanza usoni: pua ikae, mikono ishike nyuma ya masikio, uso wa lenzi uiname kidogo chini kuelekea mashavuni, nyuzi 8 hadi 12. Umbali wa lenzi na jicho uwe milimita 12 hadi 14. Halafu mpimaji akae macho yake usawa wa macho yako, wewe utazame mbele kama unavyosimama kawaida, usijinyooshe kama uko gwaride. Anaweka alama kwa kalamu ya wino kwenye lenzi za maonyesho, mbele ya kila mboni. Unasimama, unatembea hatua kadhaa, unarudi, anaangalia kama alama bado ziko penyewe. Ndipo anapima kwa rula. Macho mawili yanaweza kutofautiana milimita 1, anaandika kila moja na namba yake.

Anayepima PD halafu anaandika kimo kwa kukisia, "nusu ya fremu jumlisha nne", huyo anacheza bahati nasibu na pesa yako.

Fremu: kimo cha lenzi kisipungue milimita 30. Chini ya mboni unahitaji 18 kwa ukanda wa 14, juu ya mboni kama 12. Chagua yenye vishikizo vya pua vinavyorekebishika, vile vidogo vya silikoni kwenye waya. Hili kwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa si urembo. Jasho linashusha fremu milimita 2 au 3, na sehemu ya kusomea inashuka nayo, unaanza kuinua kidevu. Fremu nene ya plastiki isiyo na vishikizo haina pa kukaza pale puani, na kama daraja lake ni pana kuliko pua yako itateleza siku zote.

Lenzi yenyewe: kwa −1.25 na −1.50 usiuziwe plastiki ya 1.67 "nyembamba". Namba zako ni ndogo, plastiki ya kawaida ya CR-39 (1.50) ina uwazi mzuri kuliko polikaboneti na hutaona tofauti ya unene. Hiyo pesa ipeleke kwenye muundo bora wa progresivu na kwenye rangi ya kuzuia mng'ao, ambayo usiku barabarani inapunguza taa za magari kujirudia ndani ya lenzi. Za kubadilika rangi juani ni hiari. Nyingi hazigeuki ndani ya gari kwa kuwa kioo cha mbele kinazuia mionzi inayozigeuza.

Na kabla ya kulipa, waulize kwa maandishi: nikishindwa kuzoea, maabara inabadilisha bure ndani ya siku ngapi? Baadhi ya watengenezaji wanakubali, duka tu halisemi.

---

Hatua_kwa_Hatua

Nyongeza kuhusu bodaboda na daladala, maana huko ndiko watu wanakojikwaa.

Sehemu ya chini ya progresivu imewekewa fokasi ya sentimita 40. Ngazi ya daladala au mtaro uko mita 1.5 chini yako. Ukishusha macho tu, unautazama mtaro kwa lenzi ya kusomea: una ukungu na unaonekana uko karibu kuliko ulipo. Dawa ni kushusha kidevu hadi utazame kwa sehemu ya juu ya lenzi. Baada ya wiki moja au mbili kichwa kinafanya chenyewe. Baifoko ina tatizo hilo hilo, ila mstari unakuonya.

Siku za kwanza vaa asubuhi ukiwa nyumbani, kaa nayo, tembea sebuleni, kisha uende nayo kazini. Usichanganye na miwani ya zamani katikati ya siku, ubongo unaanza upya. Gari usiendeshe hadi sakafu iache kuyumba. Kofia ya bodaboda ivae kwanza, miwani baadaye, vinginevyo inasukuma mikono ya fremu na kuipindisha, na kimo chote alichopima fundi kinakwenda na maji.

Kwa wenye wazazi wa miaka 70 kwenda juu wanaosoma hapa: utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa 2010 uliwapa wazee wanaovaa progresivu au baifoko miwani ya ziada ya mbali tupu kwa ajili ya kutembea nje. Wale wanaotoka mara kwa mara walipunguza kuanguka. Kwa wanaokaa ndani muda mwingi haikuwa hivyo. Kwa hiyo mzee anayetembea kwenda msikitini, kanisani au sokoni kila siku, miwani ya mbali tupu ya kutembelea ni hela iliyotumika vizuri.

---

Mwalimu_wa_Zamu

Nimeelewa kabisa. Siku ya kuchukua nikague nini pale kaunta kabla sijaondoka?

---

Fundi_Makali_ya_Lenzi

Waambie wasifute alama za wino kwenye lenzi kabla hujavaa. Kuna msalaba mdogo juu: ukivaa na kutazama mbele, msalaba uwe katikati ya mboni, kila jicho. Mpimaji akuangalie akiwa usawa wako, au piga picha kwa simu iliyo usawa wa macho.

Wakishafuta, alama za kudumu zinabaki. Pulizia lenzi pumzi ya mdomo, ishike kwenye mwanga kwa pembe. Utaona viduara viwili vidogo vilivyochorwa, umbali wa milimita 34 kati yao. Chini ya kile cha upande wa sikio kuna namba ya ADD, kwako iwe 2.00 au 20 au namna hiyo. Chini ya kile cha upande wa pua kuna nembo ya mtengenezaji au ya muundo. Hakuna viduara, au nembo si ya lenzi uliyolipia: usichukue. Zile alama zikiwa zimepinda, kimoja juu kimoja chini, lenzi imezungushwa wakati wa kuingizwa.

Baada ya hapo jaribu kwa macho. Tazama bango la ng'ambo ya barabara, kisha simu kwa sentimita 40, kisha kitu mezani ukiwa umesimama. Dalili zinasema kosa liko wapi:

Ukilazimika kushusha kidevu ili uone mbali vizuri, msalaba uko juu mno. Kupanua vishikizo vya pua kunashusha fremu, jaribu hilo kwanza.

Ukilazimika kuinua kidevu sana ili usome, uko chini mno. Bana vishikizo, fremu inapanda. Au ongeza mwinamo kidogo.

Upande mmoja wa ukurasa ni safi na mwingine una ukungu hadi ugeuze kichwa: PD ya jicho mojawapo si sahihi. Hilo fremu hairekebishi, lenzi zirudi.

Unaona vizuri ila kitabu lazima kiwe sentimita 30: ADD imezidi, rudi kwa aliyekupima.

Sakafu inayumba na pembeni kunaogelea, lakini katikati ni safi: hiyo ni kawaida, ipe wiki mbili. Ikipita hapo rudi na miwani hiyo hiyo. Mpimaji akague kwanza mkao wa fremu, halafu namba zilizomo kwenye lenzi akilinganisha na cheti. Ukihitaji kupimwa macho upya nenda kwa mtaalamu wa optometria aliyesajiliwa, au kliniki za macho kama za KCMC Moshi na CCBRT Dar es Salaam. Na usikubali "utazoea tu" mara mbili.

Jambo la mwisho linalohusu ualimu. Vumbi la chaki ni unga mkavu wenye chembe ngumu. Ukifuta lenzi kwa khanga au pindo la shati vumbi likiwa juu yake, unaichora, na rangi ya kuzuia mng'ao ndiyo inayotangulia kuharibika, tena katikati ambapo ukanda wenyewe ulipo. Suuza kwanza kwa maji ya bomba, tone la sabuni ya vyombo isiyo na mchanga, suuza tena, ndipo ukaushe kwa kitambaa laini. Kama shuleni hakuna bomba karibu, beba kichupa cha maji. Na usiiache kwenye dashibodi ya gari mchana: joto linapasua ile rangi vipande vidogo vidogo kama utando wa buibui, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha.